Mushale wa hatua 74

Sisi tunaoandika hapa hatuko wawindaji wa kazi. Tuko delege wa sendika katika mugodi mumoja wa muji wetu wa Likasi, na tunajua kusoma karatasi ya mushahara kuliko kusoma nyayo za mbawala. Lakini mwaka uliopita, mwisho wa kiangazi, kuko jambo lilitupata porini upande wa Lufira, na tangu siku ile tunalizungumzia kila tunapokutana Kikula. Wengine kati yetu walisema tunyamaze, sababu ni haya. Wengi walisema tuandike, juu haya yenyewe njo inafundisha. Basi tumeandika.

Mambo yalianza na njala. Miezi mitatu mushahara haukutoka. Jina la kampani halina kazi hapa. Kila mutu wa mugodi anajua namna miezi ya vile inavyokuwa. Unga unapimwa kwa kikombe, watoto wanarudishwa kutoka masomo juu ya minerval, bibi anauza sahani moja moja. Katika ekipi yetu kuko muzee mumoja aliyetumika miaka mingi sawa butefe, mutu wa kuwasha mina. Alizaliwa katika kijiji cha upande ule, mutoto wa muwindaji, na kila mwaka anarudi kule wakati wa kuwinda unapofunguliwa. Kijiji kina kibali, na mukubwa wa kijiji alikubali twende pamoja naye. Tulienda watu saba, kwa kinga, na pinde tatu.

Tuseme wazi mbele ya kuendelea. Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 inataka kibali kwa kila muwindaji, inaweka wakati wa kufunga na kufungua, na inataja nyama wanaolindwa. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014, juu ya kulinda viumbe, imeongeza uzito. Ndani ya Parke ya Upemba na Parke ya Kundelungu hakuna kuwinda, si kwa bunduki, si kwa mushale. Hatuandiki kumwita mutu aende kuiba nyama. Swali letu ni lingine: mutu mwenye haki ya kupiga, apige kutoka wapi? Hakuna mulinzi wa pori atakayesimama nyuma yako na kuhesabu hatua. Pale uko wewe na roho yako tu.

Siku ile

Kiangazi kinapoelekea mwisho, pori la kwetu limekwisha kuungua. Moto umepita chini ya miti, majani marefu yamekwisha, udongo ni mweusi. Kisha siku kidogo majani mapya yanatoka, na nyama wanakuja kuyakula. Muwindaji anaona mbali sana. Lakini nyama naye anaona mbali, na hakuna pa kujificha. Njo wakati mutu anajaribiwa kupiga pale anaposimama, bila kukaribia.

Siku ya pili, jua likianza kushuka, tulimuona mbawala jike pembeni ya kichuguu kikubwa. Alikuwa anakula, ubavu wake umetuelekea. Kati yetu naye kulikuwa uwanja mweusi mutupu. Muzee alikuwa nyuma, anaangalia nyayo zingine. Mbele alikuwa kijana mumoja, fundi wa umeme, mwenye mikono ya nguvu na upinde mugumu kuliko zote tatu. Usiku wa kwanza, kwenye moto, alituonyesha ndani ya telefone yake wazungu wanaopiga nyama kwa metre 80, kwa metre 100, na pinde za magurudumu. Sasa alituangalia, anauliza kwa macho.

Sisi tulimujibu nini? Tulimwambia: "Piga!" Mumoja alisema pole pole, mwingine alisema kwa mukono, lakini wote tulisema. Tunaandika hivi juu hatutaki mutu asome na kufikiri kosa lilikuwa la kijana peke yake.

Mushale uliruka. Ulikuwa muzuri kuuangalia, na tulipata wakati wa kuuangalia. Ile peke yake ingetosha kutufungua macho. Mbawala alisikia kamba. Aliinua kichwa, akapiga hatua moja ya mbele. Mushale uliotumwa kwenye kifua uliingia tumboni. Aliruka, akashuka bondeni, akapotea. Na sisi tulipiga makofi. Kweli, tulipiga makofi.

Muzee alifika. Hakuuliza nani. Aliuliza: "Ulikuwa unasimama wapi?" Kijana alimuonyesha. Muzee alitembea kutoka pale mupaka pale nyama alikuwa, anahesabu kwa sauti. Hatua 74. Aliokota jani lenye damu, akalinusa. Damu ilikuwa nzito, nyeusi kidogo, na ndani yake kulikuwa majani yaliyotafunwa. "Tumbo," alisema. Kisha akakaa chini.

Sisi tulitaka kukimbia kufwata. Alikataa. Nyama aliyepigwa tumboni, ukimufwata mara moja, anapata nguvu ya woga na anakwenda mbali sana. Ukimuacha, analala karibu, na pengine utamukuta. Lakini analala na maumivu, masaa na masaa. Kijana aliuliza kama tunaweza kuwasha moto na kupika kitu mbele ya kufwata. Muzee alimwambia: "Hapa hatupumzike, mutoto wangu. Tunangojea pamoja naye."

Giza liliingia. Asubuhi tulianza kufwata. Tone moja hapa, tone moja kule, kisha mawe, kisha muto mukavu, kisha hakuna kitu. Tulizunguka muchana muzima. Siku iliyofwata watu wa makala walituita: waliona tai wanashuka. Mbawala alikuwa amelala kando ya shimo la maji lililobaki mutoni. Ile nyama yote ilikuwa imeharibika, hata kilo moja ya kupeleka nyumbani haikuwa. Chuchu zake zilikuwa na maziwa. Mahali fulani katika pori lile kulikuwa mutoto wake.

Tulirudi Likasi mikono mitupu. Mutu hakuimba njiani.

Mahesabu kwenye ubao

Kazi ya sendika ni mahesabu, na sisi hatukuweza kuacha jambo hili bila kulihesabu. Mwalimu mumoja wa fizikia alikubali kutusaidia kwenye ubao wa masomo yake, siku ya jumamosi. Kijana alikuja pia. Tunaandika hapa yale tuliyoyaona, juu yanasema kuliko maneno ya kugombana.

Tuchukue mushale wa upinde mugumu wa muti unaoruka metre 50 kwa segonde moja. Kwa metre 20, unafika kwa segonde 0.4. Kwa metre 60, ambazo ni karibu hatua 74 za muzee wetu, unafika kwa segonde 1.2. Sasa tuangalie sauti. Sauti inakwenda karibu metre 340 kwa segonde moja. Mulio wa kamba unafika kwenye sikio la nyama wa metre 60 mbele ya segonde 0.2 kuisha. Maana yake, kisha kusikia, nyama anabaki na segonde moja nzima ya kufanya anachotaka. Mutu anayetembea pole pole, kwa segonde moja anapita metre moja. Mbawala aliyeshtuka hatembei pole pole.

Kuko tena kuanguka. Kila kitu kinachoruka kinaanguka wakati kinaruka. Kwa segonde 0.4 mushale unaanguka karibu sentimetre 80. Kwa segonde 1.2 unaanguka karibu metre 7. Njo maana mutu anayepiga mbali hapimi nyama. Anapima hewa juu ya nyama, na anatumaini. Akikosea kupima kwa macho, akafikiri ni metre 20 na kumbe ni 25, mushale unafika chini kwa sentimetre 25 hivi. Akifikiri ni metre 60 na kumbe ni 65, unafika chini kwa zaidi ya sentimetre 60. Na mahali pa moyo na mapafu ya mbawala si pakubwa kuliko sahani moja ya bukari.

Kijana aliuliza: "Na zile pinde za magurudumu?" Mwalimu alihesabu tena. Zile za nguvu zinapeleka mushale karibu metre 90 kwa segonde. Kwa metre 60 ni karibu segonde 0.7. Sauti bado inafika mbele sana. Nyama anabaki na nusu segonde, na nusu segonde inatosha kwa hatua moja. Chombo kipya kimesukuma mupaka mbali kidogo, hakikuuondoa. Na zile video za telefone zinaonyesha mushale uliofika pazuri. Ile mingine, nani ataiweka watu waione?

Jambo la mwisho la ubaoni lilitoka kwa muzee, siyo kwa mwalimu. Risasi inapiga na kuvunja. Mushale unakata tu. Nyama anakufa juu damu inatoka, na damu inatoka upesi kama umekata mapafu au moyo. Ukikata tumbo, inatoka pole pole, usiku muzima. Upinde hauna nguvu ya kusamehe mahali pabaya.

Waliokuwa na pinde za nguvu

Kijana alikuwa na neno lingine, na ni neno tunalosikia mara nyingi: wazee walikaribia juu pinde zao zilikuwa dhaifu, sisi wa leo tuko na nguvu zaidi. Hapana, haiko vile.

Inchini Kenya, katika pori kati ya Tsavo na pwani, kuko kabila la Wawaata. Walikuwa wawindaji wa tembo. Uta wao ulikuwa mugumu sana, wa kuvutwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 45, na mishale yao ilipakwa sumu ya muti unaosimamisha moyo. Kama kuko watu waliokuwa na haki ya kujivunia umbali, ni wao. Lakini walimuingilia tembo mupaka hatua chache tu, kwa upepo muzuri, bila viatu, bila neno. Hatusemi walikuwa watakatifu. Pembe nyingi zilikwenda kwa wafanya biashara, na katika mwaka 1956 na 1957 serikali ya wakoloni iliwapiga vita pale Tsavo na kufunga wengi. Lakini juu ya hatua, wanatufundisha: nguvu ya uta haikuwa ruhusa ya kubaki mbali.

Tanzania, karibu na ziwa la Eyasi, Wahadza wanawinda kwa uta mupaka leo. Kiangazi, maji yanapokuwa kidogo, wanajificha usiku kando ya maji na kungojea nyama aje karibu. Wakipiga, wanangojea, kisha wanafwata nyayo. Kufwata ni nusu ya kazi, na kwa wao hakuna anayeitwa muwindaji kama hajui kufwata.

Na sisi wa Katanga? Hadisi ya ufalme wa Waluba inaanza na muwindaji: Mbidi Kiluwe aliyetoka mashariki, baba wa Kalala Ilunga. Kati ya hazina za wafalme kulikuwa kisimamio cha kuwekea pinde, kilichochongwa kwa ustadi, na wageni waliochukua vile vitu wanavionyesha leo Tervuren, kule Ubelgiji. Mutu wa Katanga anayesema upinde ni muchezo wa watoto hajui nyumba yake. Upinde ulikuwa heshima, na heshima ina masharti.

Hata kule Ulaya wanahangaika na swali hili. Uingereza, sheria ya 1981 inakataza kuua nyama wa pori kwa upinde. Ufaransa walifungua mulango mwaka 1995, lakini wanataka kila mutu wa upinde apite kwanza mafundisho, na wako na watu wenye mbwa wa kufwata damu ya nyama aliyejeruhiwa. Inchi mbili jirani, majibu mawili, lakini woga ni mumoja: nyama anayekwenda na chuma mwilini.

Njala ina haki gani?

Sasa tufike mahali pagumu. Katika mukutano wetu kijana alisimama, na hakuongea sawa mutu wa kucheza. Alisema: "Papa, batoto ku nyumba banakulaka mara moja tu ku siku. Mi naona nyama, mi naacha juu ya hatua? Mwenye kushiba njo anahesabuka hatua."

Watu walinyamaza, juu ilikuwa kweli. Ni rahisi kumufundisha heshima mutu aliyeshiba. Wale wa video wanapiga mbali juu ya furaha, na wakikosa wanarudi hoteli. Yeye alipiga juu ya unga. Hatuwezi kuweka wale watu wawili kwenye mustari mumoja.

Muzee alimujibu pole pole: "Njala yako minaijua, ni yangu pia. Lakini ile siku ulikula nini?"

Njo jibu, na si jibu la kumuaibisha. Kama njala njo sababu, basi njala yenyewe inakataza mushale wa mbali. Kwa hatua 20, ungerudi na nyama, au ungerudi bila kitu na mbawala akabaki pale kwa siku nyingine. Kwa hatua 74 ulirudi bila kitu, na mbawala hayuko tena kwa mutu yeyote. Mutu wa njala hawezi kununua bahati kwa bei ile. Tena kijiji kilichotukaribisha kilipoteza naye, na mutoto wa mbawala alipotea pamoja na mama. Katika jimbo letu nyama si wengi sawa wakati wa babu zetu. Punda milia wa mwisho wa Kongo nzima wanaishi katika Upemba. Pale kulikuwa nyama elfu, pengine mumoja aliyepotea hakuhesabiwa. Leo anahesabiwa.

Mumoja wetu aliuliza: na kama mutu anaweza kweli, kama amejifunza miaka na kwa hatua 60 mushale wake unaingia katika sahani? Tulizungumza sana. Tukaona kwamba sahani haisikii kamba, sahani haitembei. Ufundi wako unamaliza kosa lako. Haumalizi hatua ya nyama. Ile segonde moja si yako, hata ungekuwa fundi namna gani.

Anayewasha njo anarudi

Muzee wetu hakusoma sana, lakini alitumika na mina miaka mingi, na alituonyesha jambo kupitia kazi yake. Kwa kifaransa neno ni moja: mushale ni *tir*, na mina kulipuka ni *tir*.

Katika mugodi, mbele ya tir, wanapiga sirene. Njia zinafungwa, walinzi wanasimama kila upande, watu wote wanatoka. Butefe hawashi kama haoni, au kama hajapata neno kwamba hakuna mutu ndani. Kisha kulipuka, hakuna anayeingia. Wanangojea moshi na vumbi viondoke. Na nani anaingia wa kwanza? Siyo kapita, siyo watu wa pikipiki za mawe, siyo dereva. Ni butefe mwenyewe. Anatafuta mina iliyobaki, ile haikulipuka. Mina iliyobaki ndani ya mawe inaua mutu wa ekipi ya kesho, mutu ambaye hakuwasha kitu, aliyekuja na koleo yake tu.

Muzee alisema: "Ule anawashaka, njo ule anarudiaka kuangalia. Kama hauwezi kurudi kuangalia, hapana kuwasha."

Nyama aliyejeruhiwa na kuachwa ni mina iliyobaki. Mbawala anakufa pole pole. Nyati aliyejeruhiwa anangojea, na anayempata ni mama wa kuni au mutu wa makala ambaye hakuona hata upinde wako. Kwa hiyo swali si mushale wako unaweza kufika wapi. Swali ni wewe unaweza kujibu wapi: unaona wazi, unajua mahali utakapoingia, na kama umekosea unaweza kufwata mupaka mwisho. Ile ndiyo hatua yako. Kwa mumoja ni 25, kwa mwingine ni 15, na jua likishuka ni hatua sifuri.

Tulipokuwa tunasema hivi, delege mumoja mwanamuke aliinua mukono. Alisema: "Na sisi? Tunapiga mbali mara ngapi?" Tulifikiri anasema juu ya wakubwa, wale wanaotia sahihi karatasi katika ofisi za mbali, na karatasi inafika kwenye nyumba za Likasi, na wao hawaoni damu. Watu wa muji wetu wanajua karatasi za vile. Lakini yeye alisema juu yetu. Alikumbusha mugomo mumoja tuliotangaza kwa haraka, katika ofisi yetu, wakati wa hasira. Siku ya tano watu wa mukataba wa siku waliondolewa kazini, na sisi wenye mukataba mukubwa tulibaki. Nani alikwenda kuwatembelea kisha pale? Wawili tu. Tuliposikia hivi, mutu hakutafuta kujitetea. Tangu siku ile, mbele ya kutangaza mugomo tunaandika kwanza majina ya wale watakaoumia wa kwanza, na nani atawafwata.

Tuliyokubaliana

Kwa wale wanaokwenda kuwinda pamoja nasi, kwa kibali na kwa wakati wake, tuliandika mambo haya kwenye karatasi moja, na kila mutu alitia sahihi, sawa mukataba.

Mwisho ni hatua 25. Asiyeweza kuweka mishale mine juu ya mitano ndani ya sahani kwa hatua zile, apunguze mupaka aweze.

Nyama anayetembea, au anayetuangalia, hapigwi.

Saa moja mbele ya giza, pinde zinafungwa.

Anayepiga njo anafwata, na wote tuliosema "piga" tunafwata naye, mupaka jioni ya siku ya pili.

Nyama aliyejeruhiwa na kupotea ni nyama wetu wa safari ile. Hatutafuti mwingine.

Mushale wa mbali una ruhusa mara moja tu: kumumaliza nyama aliyekwisha kujeruhiwa na anayetaka kupotea. Pale hauombi bahati; unalipa deni.

Wengine wametuambia hatua 25 ni kidogo, katika pori lililoungua hautapata kitu. Ni kweli, siku nyingi hautapata kitu. Kukosa bila kujeruhi ni kukosa kuzuri. Unaweza kurudi kesho, na yeye pia atarudi.

Kiangazi cha mwaka huu kijana alikwenda tena na muzee, wawili tu. Walimufwata mbawala dume nusu ya siku. Kijana alivua viatu, akatambaa kwa tumbo juu ya majivu mupaka nguo zake zikawa nyeusi zote. Alifika nyuma ya kichuguu, alihesabu hatua 19, akavuta kamba. Upepo uligeuka. Dume aliinua kichwa, akamuangalia, na kijana alirudisha kamba pole pole. Nyama alikwenda zake bila kukimbia.

Alirudi Likasi bila kitu, na alituhadithia ile safari masaa mawili, na kila mutu alitaka aendelee. Muzee alikaa pembeni, anacheka kidogo. Tulikula bukari na sombe. Mushahara wa miezi miwili umekwisha kutoka. Wa mwezi wa tatu bado tunaufwata.